Chupa 48 za nyanya: kisa cha nyumba moja ya Ilula wakati wa mavuno

Usiku mmoja wa katikati ya Agosti mwaka jana, chupa ya nyanya ilipasuka chini ya kitanda wanacholalia watoto wa kaka yangu huko Ilula, mkoani Iringa. Kifuniko kiligonga chaga kwa kishindo, rojo likaruka hadi ukutani, na mtoto mdogo akakimbilia chumbani kwa bibi yake akisema kuna mtu amepiga bunduki. Hakuna aliyeumia. Kulipopambazuka, wifi yangu alizitoa chupa zote uani, akazipanga juu ya turubai la kuanikia mahindi, kisha akanipigia simu. Nimefundisha sayansi kimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na zaidi ya hapo nilikuwa na mkono wangu katika jambo hilo, kama nitakavyoeleza. Kesho yake nilipanda basi kutoka Morogoro. Nilizikuta chupa 47, na vipande vya ile ya 48 vikiwa ndani ya ndoo.

Asiyelijua eneo lile atauliza kwa nini nyumba ya mkulima wa nyanya ihangaike kuzihifadhi. Ilula iko wilayani Kilolo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na mpakani Zambia, na kila aliyepita pale ameyaona matenga ya mbao yaliyopangwa yakisubiri fuso. Nyanya hulimwa wakati wa mvua, na hulimwa tena kiangazi katika vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambako unyevu haukauki upesi. Mkulima hupambana na ugonjwa wa baka jani, hupambana na kantangaze, yule nondo mdogo ambaye funza wake hutoboa majani na matunda, na akishavivuka vita hivyo viwili hukutana na cha tatu ambacho hakina dawa ya kupuliza: nyanya za kila mtu kuiva wiki moja. Bei ya tenga ikishuka chini ya gharama ya tenga lenyewe, ya wachumaji na ya lori hadi soko la Ilala, Dar es Salaam, dalali hapokei tena simu.

Hali ilikuwa hiyo mwishoni mwa Juni. Wifi alikuwa na matenga tisa yasiyo na mnunuzi, yamewekwa kivulini nyuma ya jiko. Kaka yangu alikuwa safarini na lori la watu wengine, akitafuta angalau fedha za kulipia pembejeo alizokopa. Wakati huohuo mahindi ya mlimani yalikuwa yamekauka na yanavunwa, kwa hiyo kila asubuhi yalianikwa, kila jioni yaliingizwa ndani kabla ya umande kushuka, na katikati ya kazi hizo mbili yalipukuchuliwa kwa mkono. Nyumbani kulikuwa na wifi mwenyewe, mama yetu ambaye ni mzee lakini bado ana nguvu za kukaa na ungo mapajani siku nzima, binti mkubwa wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, watoto wawili wa shule ya msingi, na mdogo wao ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia na kwa hiyo ni kazi ya mtu mmoja peke yake. Nayataja haya yote mapema kwa sababu, nilipomaliza kuchunguza zile chupa, niligundua kwamba sababu za kuharibika kwake zilikuwa zaidi katika orodha hii ya watu kuliko katika nyanya.

Kazi ilifanyika kwa mikupuo mitatu.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa Jumamosi mchana. Wifi aliazima sufuria kubwa la shughuli kutoka kwenye kikundi chao cha kufa na kuzikana, lile linalopikiwa pilau ya watu mia, akaliteleka uani juu ya mafiga. Chupa zilikuwa za nusu lita, zilizokwisha kutumika: za jemu, za asali, za siagi ya karanga. Binti aliziosha, akazipasha moto ndani ya maji ya uvuguvugu ili zisipasuke zikikutana na maji ya moto, jambo la lazima katika baridi ya Iringa ya mwezi Juni. Nyanya zilichovywa kwenye maji yanayochemka hadi ganda likaachia, zikamenywa, zikakatwa, zikachemshwa kidogo na kujazwa kwenye chupa, ikaachwa nafasi ya upana wa kidole chini ya kifuniko. Mama alikuwa mkamuaji wa malimau, na kwa kuwa haamini vipimo vya watu wengine, alitia vijiko vikubwa viwili kwa kila chupa mahali ambapo karatasi ya maelekezo ilisema kimoja. Chupa 18 ziliingia zote kwa mara moja, zikafunikwa na maji hadi juu ya vifuniko. Kisha watu watatu hawa wakakaa kando ya moto kupukuchua mahindi, na hawakuziopoa chupa mpaka ungo wa mama ulipojaa. Kwa kumbukumbu ya binti, ilikuwa ni karibu saa nzima.

Jumapili jirani mmoja alifariki. Kikundi kililihitaji sufuria lake usiku uleule, na Jumatatu binti akarudi bweni.

Mkupuo wa pili ulikuwa Jumanne jioni, baada ya mahindi kuingizwa ndani. Sasa kulikuwa na masufuria mawili ya kawaida ya nyumbani, kila moja likiingia chupa saba zilizobanana. Sufuria la kwanza lilikwenda vizuri, kwani maji yalikuwa ya kutosha, malimau yalikuwepo, na mama alikuwepo. Kabla ya sufuria la pili malimau yakaisha. Wifi alimtuma mtoto dukani, mtoto akarudi na jibu kwamba hakuna, naye akaendelea bila limau kwa kuwa nyanya zilikuwa tayari ziko motoni. Sufuria lenyewe lilikuwa fupi, kwa hiyo maji yalifika mabegani mwa chupa tu, na yalipopungua kwa kuchemka hakuna aliyeyaongeza, maana mdogo alikuwa amejimwagia uji na nyumba nzima ilikuwa imemgeukia. Chupa zote 14 zilipopoa, zilipangwa pamoja chini ya kitanda. Hazikuwekwa alama yoyote.

Mkupuo wa tatu ulikuwa Alhamisi usiku, na hapa wifi alikuwa peke yake, kwa sababu mama alikuwa matangani. Alianza kumenya saa tatu na nusu usiku. Nyanya zilizobaki katika yale matenga zilikuwa zimeiva kupita kiasi, nyingine zimepasuka, na kwenye kona ya jiko kulikuwa na hoho na karoti za bustanini ambazo nazo zilikuwa zinaelekea kuoza. Akaona aviokoe vyote pamoja. Alikaanga vitunguu kwa mafuta, akatia karoti, hoho na nyanya, akapata rojo zuri ambalo, kwa maneno yake, lilinukia kama la harusi. Kuchemsha tena ndani ya chupa hakukuwezekana saa ile, na alikuwa amewahi kuona kwenye simu video ya mama mmoja akijaza rojo la moto kwenye chupa, akifunga, na kuipindua chupa kichwa chini hadi ipoe. Akafanya hivyo. Saa sita na nusu chupa 16 zilikuwa zimesimama kichwa chini juu ya meza, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameamka kuanika mahindi.

Wiki sita baadaye, juu ya lile turubai, hesabu ilikuwa hivi. Katika 18 za kwanza, moja ilikuwa imeharibika, nayo ilikuwa na kifuniko ambacho mpira wake wa ndani ulikuwa umechakaa. Katika 14 za pili, tatu zilikuwa na vifuniko vilivyovimba. Katika 16 za mwisho, 11 zilikuwa zimeharibika waziwazi: vifuniko vimetuna, mapovu yanapanda, na rojo limejitenga maji juu na nyama chini. Ile iliyopasuka ilikuwa miongoni mwa hizi.

Mtu anaweza kusema, basi, chupa 33 zimepona, na si haba. Wifi alisema hivyohivyo. Nami nilipomwambia kwamba chupa za kula ni 17 tu, alininyamazia kwa muda mrefu, kisha akachukua moja ya zile tano za mkupuo wa tatu ambazo hazikuvimba, akaikung'uta kifuniko kwa ukucha. "Wifi, hebu tazama. Imebonyea vizuri kuliko hata zile za mama." Ilikuwa kweli, kifuniko kilikuwa kimebonyea barabara. Na kwangu mimi, chupa hizo tano ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote zilizokuwa pale uani, pamoja na ile iliyokuwa ndani ya ndoo.

Sababu yake inahitaji maelezo ya taratibu. Chupa iliyojazwa chakula cha moto na kufungwa hubonyea kifuniko inapopoa kwa sababu mvuke uliomo hugeuka maji na kuacha nafasi tupu. Kubonyea huko kunathibitisha kwamba hewa imetoka. Hakuthibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Vijidudu vya kawaida vya uchachu vikibaki, hutoa gesi, kifuniko huvimba, na mwenye nyumba huonywa. Lakini yupo bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake zimo udongoni na hivyo huweza kuwemo kwenye karoti au kitunguu chochote kilichong'olewa shambani. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Huhitaji joto la takribani nyuzi 116 hadi 121 za Selsiasi, linalopatikana tu ndani ya sufuria la presha lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Zikikaa mahali pasipo na hewa, penye unyevu na pasipo na uchachu wa kutosha, huota na kutoa sumu inayolegeza misuli ya macho, ya koo, na mwishowe ya kupumua. Sumu hiyo inaweza kuwemo ndani ya chupa ambayo kwa macho na kwa pua haina dosari. Mwaka 2015, katika mji wa Lancaster, jimbo la Ohio, Marekani, watu 29 waliugua na mmoja akafariki baada ya chakula cha pamoja kanisani. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwenye chupa kwa kuchemshwa majini tu. Marekani ni nchi ambako kazi hii ni desturi ya vizazi, yenye vitabu na vifaa madukani, na bado ikatokea.

Kinachoilinda nyanya ni uchachu wake. Bakteria huyo hawezi kuota katika chakula chenye kipimo cha uchachu, yaani pH, cha 4.6 au chini ya hapo (namba ikishuka, uchachu umezidi), na nyanya kwa kawaida iko karibu na mstari huo, nyingine huku na nyingine kule. Nyanya iliyoiva kupita kiasi huelekea upande wa hatari. Ndiyo maana limau si kiungo cha ladha katika kazi hii na halitiwi kwa hiari: kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwa chupa ya nusu lita, na iliyo bora ni yale ya chupa ya dukani ambayo ukali wake haubadiliki, au robo ya kijiko cha chai ya ndimu ya unga. Karoti, hoho na vitunguu havina uchachu huo, na ukivichanganya na nyanya unaiondolea nyanya ulinzi wake. Mafuta nayo hupanda mdomoni mwa chupa na kuuzuia mpira wa kifuniko usishike sawasawa. Kwa hiyo rojo la Alhamisi, lililonukia kama la harusi, lilikusanya kila kosa linalowezekana: nyanya zilizopoteza uchachu, mboga zisizo na uchachu, mafuta, hakuna limau, na hakuna kuchemshwa baada ya kufungwa.

Mama alipendekeza tulichemshe upya tuwape kuku. Nilikataa. Ni kweli kwamba sumu yenyewe, tofauti na mbegu, huvunjika kwa kuchemshwa vya kutosha, lakini kufungua chupa 15 za namna ile jikoni, rojo likirukia mikono, meza na vitambaa, ni kujitafutia balaa kwa faida ya kuku. Chupa zilifungwa kwenye mifuko bila kufunguliwa, zikafukiwa kwenye shimo refu mbali na kisima. Wifi aliumia zaidi kwa ajili ya chupa zenyewe kuliko rojo, na sikumlaumu. Chupa nzuri ya mdomo mpana haipatikani kirahisi Ilula.

Mkupuo wa pili ndio ulionisumbua kuuamua. Chupa saba zilitengenezwa sawasawa, na saba nyingine hazikuwa na limau wala maji ya kuzifunika. Tatu zilizovimba nadhani zilitoka katika saba za pili, lakini nne zilizobaki zilikuwa zimechanganyika na saba nzima, na hakuna mtu, si wifi, si mama, aliyeweza kuapa ni zipi. Tulizigeuzageuza zote kumi na moja kwenye mwanga wa jua tukitafuta tofauti ya rangi. Hapakuwa na tofauti. Zote zikaenda shimoni. Yaani chupa saba nzuri zilipotea kwa kukosa alama ya kalamu kwenye kifuniko.

Sasa nije kwenye kosa langu. Karatasi ya maelekezo aliyoitumia wifi ilikuwa ya mwandiko wangu, niliyompa miaka mingi iliyopita nilipokuwa nafundisha Tanga. Iliandikwa: chemsha dakika 35. Muda huo ni sahihi kwa chupa ya nusu lita ya nyanya zilizopondwa, pwani. Lakini maji hupoteza takribani nyuzi moja ya kiwango chake cha kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda, na Ilula, ambayo iko kwenye nyanda za juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 kwa nyuzi kadhaa. Yanatokota kwa fujo ileile, lakini ni ya baridi zaidi. Kwa maeneo yaliyo kati ya mita 900 na 1,800, muda unaopaswa kuandikwa ni dakika 45. Nilikuwa nalijua jambo hili. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva milimani, na sikuwahi kuihusisha hoja hiyo na karatasi niliyompa ndugu yangu mwenyewe. Mkupuo wa kwanza uliokolewa na ungo wa mahindi wa mama, na bahati ya namna hiyo siwezi kuiandika kwenye maelekezo.

Hata hivyo, siamini kwamba karatasi sahihi ingezuia yaliyotokea Alhamisi. Wifi si mtu asiyejua. Alijua kwamba chupa huchemshwa baada ya kufungwa, maana alifanya hivyo Jumamosi na Jumanne. Tufanye hesabu ya usiku ule. Sufuria la nyumbani linaingia chupa saba, kwa hiyo chupa 16 ni duru tatu. Kila duru ni nusu saa ya kungoja maji yachemke juu ya mkaa, kisha dakika 45. Hata akitumia masufuria mawili kwa pamoja, ni saa mbili na nusu za kuchemsha peke yake, baada ya saa nyingine mbili za kumenya na kukaanga. Angemaliza saa nane usiku, na kuamka ni saa kumi na moja. Aliyempa nafasi ya kulala ni ile video. Mtu aliyechoka hachagui njia ya mkato kwa uvivu; huichagua kwa kuwa ndiyo pekee inayoingia katika saa alizobakiwa nazo.

Kilichonishughulisha zaidi ni kwa nini alianza kabisa. Nilimuuliza, naye akanyoosha kidole nyuma ya jiko, mahali yalipokuwa matenga. Kila alipopita kuchota maji aliyaona, na kila siku yalizidi kunuka. Ni lundo lile lililokuwa likipanga kazi za nyumba. Hapo ndipo tuliposhika kalamu, tukafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa Juni. Chupa ya nusu lita hula takribani robo tatu ya kilo ya nyanya. Chupa 48, kwa hiyo, zilikula kilo 36. Tenga la wifi hubeba kilo 40. Kwa usiku wote ule, kwa limau lote na mkaa wote, hata kama kila chupa ingepona, asingemaliza tenga moja kati ya tisa.

Alinitaka nirudie ile hesabu, nikarudia.

Naandika hili kwa sababu kila Nane Nane tunasikia majukwaani kwamba dawa ya nyanya kuoza ni mkulima kusindika, na maneno hayo yanapofika jikoni kwa mwanamke mwenye mahindi uani na mtoto miguuni, hugeuka kuwa mzigo wa aibu: kama nyanya zako zimeoza, ni wewe hukuzisindika. Kusindika kwa ajili ya kuuza ni kazi ya kiwanda, hata kiwe kidogo. Kunahitaji chumba chake, mashine zake, mafunzo kama yanayotolewa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Chupa za jikoni haziwezi kuliokoa shamba. Kazi yake ni kuipa nyumba nyanya za mchuzi katika miezi ya mvua, ambapo baka jani limeingia na nyanya tatu zinauzwa kwa bei ya fungu zima. Hilo ni jambo la maana, lakini kiasi chake hupimwa kwa sufuria la mchuzi, si kwa lundo la matenga.

Tulipima. Nyumba ile, ikitumia chupa mbili kwa wiki kuanzia Januari hadi Aprili, inahitaji chupa 34 au 35. Kwa sufuria la shughuli, hizo ni Jumamosi mbili, zote ndani ya likizo ya Juni binti akiwa nyumbani, kabla nyanya hazijaiva kupita kiasi. Hoho na karoti hazihusiki. Nyanya nyingine zinazobaki na kukosa mnunuzi zinaweza kukatwa vipande vyembamba, kutiwa chumvi kidogo na kuanikwa juu ya wavu chini ya chandarua kizee, kwa kuwa jua la Juni hadi Agosti la kule ni kavu na kazi hiyo inakwenda sambamba na mahindi: zinatoka nayo asubuhi na kuingia nayo jioni. Zitakazosalia hapo zitaoza, ziende kwenye mboji. Kulikubali neno hilo la mwisho kulimchukua wifi muda kuliko mengine yote, na sidhani kama kuna mkulima ambaye hulikubali kirahisi.

Chupa 17 za Jumamosi ya kwanza ziliisha mapema Machi. Kwa tahadhari, tulikubaliana kila moja ichemke kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuonjwa, sharti ambalo kwa mchuzi wa nyumba ile halikuwa geni.

Juni hii nilikwenda mwenyewe na karatasi mpya, niliyoipitisha kwenye plastiki isilowe. Imeandikwa dakika 45, limau kabla ya nyanya, maji juu ya vifuniko, tarehe na namba ya mkupuo kwenye kila kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Niliikuta baadaye imebandikwa nyuma ya mlango wa jiko. Chini kabisa, kwa mwandiko wake, wifi alikuwa ameongeza mstari ambao mimi sikuufikiria: "Tusiteleke baada ya saa tisa alasiri."